Binti yangu huniangalia sikioni

Yaya Zawadi, jambo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Nauza bitoyo na mafuta ya ngazi (mawese) sokoni. Nakuandikia juu ya binti yangu wa pili, ana miaka 13. Nimwite Mado, si jina lake.

Ilianza mwaka juzi. Mwalimu alituita akasema Mado hanakili ya ubaoni, anainuka na kwenda mbele mpaka pua inakaribia kugusa chaki. Tukampeleka kupimwa miwani. Ya kwanza haikumsaidia, ya pili haikumsaidia. Aliyempima akaniambia macho ya mtoto ni safi, hayana wekundu, hayana mtoto wa jicho, presha ya jicho ni nzuri. Akanivuta pembeni: "Mama, watoto wa umri huu wanapenda miwani. Wengine wanasingizia."

Niliamini, Yaya. Nyumbani Mado anapita uani kati ya masufuria na kamba za nguo bila kujikwaa. Anamkimbiza mdogo wake mpaka barabarani. Lakini ukimpa maharage achambue, anaacha vijiwe. Akikutana na shangazi yake njiani, anampita kama hamjui. Na nikimsemesha haniangalii usoni, anaangalia sikio langu. Nikaona ni uvivu na dharau. Nilimpiga. Si mara moja.

Mwezi wa tatu tulipata munganga mwingine wa macho. Akamweka mbele ya mashine tatu, akapiga picha, akasema ni ugonjwa wa Stargardt, ni wa kurithi, unakula katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaoonea, na dawa hakuna. Akatuonyesha kwenye kompyuta: "Mnaona hapa katikati? Panafanana na shaba iliyogongwa kwa nyundo." Mume wangu alitoka mle chumbani bila neno. Miaka kumi na moja anafanya kazi kwenye tanuri la shaba. Tangu siku ile akirudi anavua nguo za kazi nje ya mlango, hamgusi mtoto mpaka aoge. Anaamini yeye ndiye aliyeileta shaba machoni mwa Mado.

Mama mkwe naye ana lake. Anasema upofu umetoka kwetu, kwa sababu babu yangu mzaa mama alikufa haoni.

Kijana wa farmasi alitupa vidonge vya vitamini A, vya nguvu, na jirani akaongeza mafuta ya ini la samaki. Mado anameza kila siku, huu ni mwezi wa pili.

Sasa munganga anataka turudi kila mwaka tupige picha zote tena, pamoja na moja ya kuchomwa sindano ya rangi. Mara ya kwanza nililipa dola 70, ilikuwa zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ikaisha yote. Nauliza: kama dawa hakuna, picha ni za nini? Wanafanya biashara juu ya macho ya mtoto wangu? Shaba inaweza kuingia jichoni namna hiyo? Nani kati yetu alimpa ugonjwa huu? Na swali la mwisho naona haya kuliandika: mtoto wangu ananiona sura?

Mama wa Katuba

* * *

Mama wa Katuba,

Kabla ya picha, kabla ya mama mkwe, kabla ya yote: leo jioni viondoe vile vidonge na ile chupa ya mafuta ya ini la samaki. Usingoje viishe.

Yule kijana wa farmasi hakukutakia mabaya. Vitamini A ni dawa kweli ya macho kwa mtoto ambaye mwili wake umeikosa. Kwa Mado shida ni kinyume. Jicho hutumia vitamini A kila linapopokea mwanga, na kila ikitumika hubaki masalio yanayotakiwa kuondolewa. Kazi hiyo hufanywa na protini inayotokana na jeni iitwayo ABCA4, ambayo watafiti waliitambua mwaka 1997. Kwa watu wengi wenye Stargardt jeni hiyo ndiyo mbovu. Masalio hayaondoki, yanageuka uchafu wa manjano unaoitwa lipofusini, unajaa katika tabaka la seli linaloilisha retina, mpaka seli hizo zinakufa na zile za kuonea zinafuata. Ukiongeza vitamini A ya vidonge unaongeza takataka kwenye nyumba ambayo mzoa taka wake ameacha kazi.

Chakula ni habari nyingine. Sombe, lengalenga na mafuta yako ya ngazi aendelee kula kama wenzake, maana ile rangi nyekundu ya ngazi mwili huigeuza vitamini A kwa kiasi unachohitaji tu. Na kama una mtoto wa chini ya miaka mitano, usije ukamnyima matone ya vitamini A ya kampeni za chanjo kwa sababu ya barua hii. Yale yanaokoa watoto. Nasema juu ya Mado peke yake.

Mimi si munganga. Kabla ya kushika safu hii nilikuwa muuguzi wa chumba cha macho kwa miaka mingi, kazi yangu kutia matone na kushikilia vichwa vya watoto mbele ya mashine. Kwa hiyo ninayokuandikia uyabebe uende ukabishane nayo na daktari wa Mado.

Tumtoe kwanza baba yake kwenye kifungo chake, maana barua yako imeniuma hapo. Shaba haimo machoni mwa Mado. Madaktari wa macho wana msemo wa vitabuni: makula, yaani pale katikati ya retina, ya mgonjwa wa Stargardt hung'aa kama shaba iliyofuliwa kwa nyundo. Ni kufananisha tu, kama mtu akikuambia mtoto ana meno ya maziwa. Sehemu nyingine za dunia msemo huo hausumbui mtu, lakini kuutamka Lubumbashi, mbele ya baba anayetoka tanurini, daktari angefikiri mara mbili. Mwambie mumeo hivi: ugonjwa huu uliandikwa na daktari wa Ujerumani, Karl Stargardt, mwaka 1909, alipoukuta umeingia ndani ya familia. Mwaka 1909 mji wetu ulikuwa haujazaliwa. Ulianzishwa 1910, na tanuri la kwanza la shaba likawashwa 1911. (Upo ugonjwa mwingine wa kurithi ambao shaba hujaa mwilini kweli, lakini wenyewe huchora pete mbele ya jicho, kwenye konea. Si huu.) Aoge kwa sababu ya vumbi, ni vizuri kwa mapafu ya nyumba nzima. Lakini amkumbatie mtoto.

Sasa picha.

Unauliza ni za nini kama dawa hakuna. Nakujibu kwa swali: umempiga Mado tangu mwezi wa tatu? Najua hujampiga. Basi ile dola 70 imeshafanya kazi ambayo dawa nyingi hazijawahi kufanya. Nimeona watoto wa namna hii waliokaa miaka wakiitwa waongo, kwa sababu mwanzoni mtu akichungulia ndani ya jicho kwa tochi yake anaweza asione kitu. Jicho safi, presha nzuri, miwani haisaidii, basi mtoto anadanganya. Aliyekuvuta pembeni alifuata njia hiyo hiyo, na mashine ndiyo iliyomsemea Mado.

Ngoja nikueleze walichokiona, maana nadhani hawakukueleza.

Picha ya kwanza ni ya rangi, kamera inapiga ukuta wa nyuma wa jicho. Hapo ndipo panapoonekana ile "shaba" na, kwa wengi, madoadoa ya manjano yenye umbo la mkia wa samaki. Ni picha rahisi, na ndiyo inayosema machache zaidi.

Ya pili ninaiita picha ya mng'ao. Mashine inamulika mwanga wa buluu, na ile lipofusini niliyokuambia inawaka yenyewe, bila sindano wala rangi. Penye takataka nyingi pang'avu, penye seli zilizokufa peusi. Kwa hiyo daktari anaona kwa mkupuo mmoja mahali palipokwisha na mahali panapoelemewa. Mara nyingi kuna duara kandokando ya mshipa wa fahamu wa jicho linalobaki salama, na hilo huwasaidia kutofautisha Stargardt na magonjwa mengine ya retina yanayofanana nayo. Muombe asimulike kwa mwanga mkali kuliko inavyohitajika, kwa kuwa jicho hili halihitaji mwanga wa ziada. Daktari mzuri hatakasirika.

Ya tatu ni OCT, na hii ndiyo niipendayo. Ilitangazwa mara ya kwanza 1991 huko Marekani. Si eksirei, haina mionzi, haigusi jicho, mtoto anaweka kidevu na kutazama nukta kwa sekunde chache. Inaikata retina kwa mwanga kama unavyokata mkate, halafu unauona ule mkate kwa ubavu, tabaka juu ya tabaka, ingawa retina yenyewe pale katikati ni nyembamba, kama robo ya milimita hivi. Kati ya matabaka hayo kuna mstari mmoja mwangavu, ndipo seli za kuonea zinapojipanga. Kwa mtoto mzima mstari unaenda bila kukatika. Kwa Mado nadhani utaukuta umekatika katikati, halafu pembeni unaendelea vizuri kabisa. Mwambie daktari akuonyeshe kwa kidole: pengo linaanzia wapi, linaishia wapi. Ukiliona pengo hilo utaelewa maharage.

Maana makula ni kijisehemu tu, upana wake kama milimita tano, lakini ndicho kinachosoma, kinachoona kijiwe kati ya maharage, kinachotambua uso wa shangazi njiani. Sehemu iliyobaki ya retina ndiyo inayoona sufuria, kamba ya nguo, mdogo wake anayekimbia. Mado hakuwa anachagua cha kuona.

Je, zirudiwe kila mwaka? Hapa nitaongea kama mtu anayejua likelemba ni nini. Zina faida tatu. Moja, kuujua mwendo: ugonjwa huu hutembea kwa miaka, wengine polepole na wengine haraka, na ukilinganisha picha mbili zilizopishana muda ndipo unajua Mado yuko kundi gani. Mbili, kuna siku chache ambapo mishipa mipya ya damu huota chini ya makula. Ni nadra katika Stargardt, lakini ikitokea ina matibabu, na OCT huionyesha. Tatu, dawa zinajaribiwa, na watafiti hupima hasa ukubwa wa lile eneo jeusi kwenye picha ya mng'ao. Mtoto mwenye picha za miaka kadhaa ana kitu cha kuonyesha siku mlango ukifunguka. Usikope leo kwa ajili ya mlango huo, lakini usiutupe ufunguo.

Ningekuwa wewe ningelipia OCT na picha ya mng'ao, basi. Na ningemuuliza daktari waziwazi kama, kwa mwendo wa Mado, miaka miwili inatosha. Ile ya sindano ningeikataa mpaka anijibu swali moja: "Unatafuta nini?" Rangi ile huchomwa kwenye mshipa wa mkono, wengine wanapata kichefuchefu, mkojo unageuka manjano mpaka kesho yake, na mara chache mwili unaikataa vibaya. Zamani ilikuwa njia kubwa ya kuthibitisha Stargardt. Siku hizi picha ya mng'ao imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Akijibu kwamba anashuku mishipa mipya, lipa hata kwa kukopa. Akijibu "ndiyo kawaida yetu", mshukuru, uinuke. Hapo ndipo neno lako la biashara lingekuwa na haki. Kwa picha zingine mbili unawaonea.

Jambo dogo ambalo watu hulisahau: omba picha zenyewe, kwenye flashi au kwenye simu, si ile karatasi inayofifia kabatini. Ziwe na tarehe na jina la mashine, maana picha za mashine mbili tofauti ni shida kuzilinganisha. OD ni jicho la kulia, OG la kushoto. Siku mkienda kwa daktari mwingine, Kinshasa au ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, hamtaanza kulipa upya kutoka sifuri.

Na usingoje mwaka ikiwa Mado atakuambia ghafla kwamba mistari ya daftari imepinda, au jicho moja limepungua kuona kwa siku chache. Siku hiyo hiyo nenda.

Mama mkwe. Stargardt ya jeni ABCA4 haiji kwa mzazi mmoja. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Wewe umebeba nakala moja mbovu, mumeo amebeba nakala moja mbovu, na kila mmoja wenu nakala yake nzuri imemfichia, macho yenu mazima. Mado alipokea mbovu zote mbili. Hakuna aliyejua, hakuna ambaye angejua. Zipo aina chache sana zinazopita kwa mzazi mmoja, lakini huyo mzazi naye huwa anaumwa, na nyinyi wawili mnaona. Babu yako, kama alipoteza macho uzeeni, yaelekea ilikuwa mtoto wa jicho au presha ya jicho kama wazee wengi. Mwambie mama mkwe kwa adabu, mbele ya mwanawe, na mwache mumeo ndiye aseme lile neno "sisi wote wawili". Likitoka kinywani mwako halitasikika.

Kwa kila mimba bahati hiyo mbaya ilikuwa moja kwa nne. Haina maana kwamba Mado amechukua zamu na wengine watatu wamepona, kila mtoto alipigiwa kura yake. Siwatumi wote kwenye mashine. Wasomeshe maandishi madogo, jicho moja moja, lingine limefunikwa kwa kiganja. Anayesita ndiye wa kupelekwa.

Shuleni nenda na ile picha ya OCT kwenye simu. Walimu wanaamini picha. Mado akae mbele, karibu kadiri anavyotaka, kwani kusoma kwa karibu hakumwongezei ugonjwa. Apige ubao picha kwa simu na kuikuza. Aandike kwa kalamu nene nyeusi. Kioo cha kukuza cha bei ndogo kitamfaa kuliko miwani ya tatu. Kofia yenye ukingo na miwani ya jua akitoka nje, hasa kiangazi kikikaza. Na barua ya daktari muitafute sasa, mkuu wa shule aizoee, aanze mapema kuwauliza wakubwa wake maswali ya mtihani yatakuzwaje na muda wa ziada unaombwaje. Msije mkaanza kukimbia mwaka wa Exetat, ule mtihani wa mwisho wa sekondari.

Hukuniuliza kama atakuwa kipofu kabisa, labda uliogopa. Kwa walio wengi macho ya pembeni hubaki, na mtu anaendelea kutembea mjini bila kushikwa mkono. Kusoma ndiko kutakakozidi kuwa kugumu. Kila mgonjwa na mwendo wake, ndiyo maana nimesumbuka na pengo la mstari ule.

Na umwombe msamaha. Kwa maneno, si kwa kumnunulia Fanta.

Nimebakiwa na swali lako la mwisho. Mado akikuangalia moja kwa moja, pale penye uso wako pana ukungu. Anaona kitambaa cha kichwa, mabega, mwendo wako, lakini macho yako na mdomo vinaangukia palepale retina ilipokwisha. Akipeleka jicho kwenye sikio, uso wako unahamia kwenye sehemu nzima. Hakufundishwa na mtu, watoto wenye ugonjwa huu hugundua wenyewe. Kwa hiyo siku zote zile ulizoona dharau, alikuwa anatafuta sura yako. Kila mmoja ana upande wake unaomwonyesha vizuri zaidi, na wa Mado siujui mimi. Muulize leo mkiwa mnachambua maharage: "Nikae upande gani unione?" Akikuambia, hamisha kigoda.

Yaya Zawadi